Mrejesho: mashine ya espresso ya mtumba imepona

Wakuu, asanteni sana. Ile mashine niliyoulizia hapa, ya kukamua kahawa nzito kwa shinikizo, iliyotoa maji tone tone na kuvuja kwenye kishikio cha kuwekea kahawa, inafanya kazi. Ilikuwa imezibwa na chokaa ya maji ya kisima: nilipitisha maji yenye asidi ya sitriki, nikasuuza mara nyingi. Gasketi (mpira wa kuzuia maji yasivuje) ilikuwa imekakamaa, nikaweka mpya.

Kazi kubwa ni kusaga. Kahawa ya Mbinga gramu 18, natoa kinywaji gramu 36 kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka mbio inakuwa chachu, nasaga laini zaidi. Ikisuasua inakuwa chungu, nasaga chengachenga kidogo. Aliyenishauri nianze kununua mizani, Mungu akubariki. Sasa nachanganya na robusta (aina ya kahawa) ya Bukoba, povu lake zito mno!