Wenye koliti na Crohn hapa Dar, tupeane uzoefu

Mnyonge wa Tabata
Wakuu, jana nimemsikia konda anamkaripia dada mmoja aliyeomba ashushwe kabla ya kituo, uso umemsawajika, kashika tumbo. Nikajua tu. Mimi nina koliti ya vidonda, utumbo mpana unavimba na kuchubuka; ndugu yake Crohn hushika popote kwenye njia ya chakula. Kabla ya kuingizwa kamera nimetibiwa amiba, taifodi na vidonda vya tumbo, na mtaani wakanipa ngoma kabisa kwa nilivyokonda. Nimepima hadi nesi ananijua kwa sura. Mliopitia haya njooni.

Shemeji wa Buza
Hapo kwenye kukonda! Ukweni waliniwekea kikao.

Dawa Mbichi
Hiyo kinga imeshuka tu. Mlonge na mwarobaini asubuhi kabla hujala kitu. Pandisha kinga, tumbo litatulia.

Nesi Mstaafu
Dawa Mbichi, acha kupotosha watu. Hapa kinga haijashuka, imechachamaa. Kwenye ukuta wa utumbo kuna seli za kinga, makrofaji, ambazo kwa mtu mwenye afya zinaishi na bakteria wa tumboni bila ugomvi. Kwa mgonjwa zinamwaga kemikali za kuita wenzake, mojawapo inaitwa TNF. Nyutrofili, askari wengine wa kinga, zinatoka kwenye damu zinavamia, seli T, nazo za kinga, zinachochea, na vurugu haiishi hata kama adui hayupo. Kinachochubuka ni ukuta wako mwenyewe, ndiyo hiyo damu mnayoiona chooni. Kile kipimo cha kinyesi, kalprotektini, kinapima protini inayotoka humo kwenye nyutrofili. Ikiwa nyingi, ujue utumbo umevimba na kuwaka kwa ndani, japo hata maambukizi huipandisha.

Dawa Mbichi
Bibi yangu kafika miaka tisini kwa mwarobaini.

Nesi Mstaafu
Bibi yako alikuwa na koliti?

Dawa Mbichi
Alikuwa na adabu.

Kijana wa Kimara
Ngojeni niwape yangu. Natoka Posta jioni, foleni ya Magomeni haisogei, tumbo likakata. Nikashuka mbio, nikaona ukumbi unawaka taa. Kumbe kichenpati! Akina mama watupu, sare za kitenge, nyimbo zimepamba moto. Mlangoni dada mmoja akanivaa: "Fundi, mbona umechelewa hivyo?" Nikajibu ndiyo, choo kiko wapi? Nikajifungia. Nikiwa humo muziki ukakatika kweli. Ile natoka, kamati nzima imesimama mlangoni na bisibisi. Nikachomoa waya, nikachomeka, spika zikalia. Vigelegele hivyo! Wakanipakulia pilau la nguvu na kachumbari ya pilipili, na mimi kipindi hicho ni uji na ndizi za kuchemsha tu. Nikabaki nalitazama.

Shemeji wa Buza
Nimecheka hadi boda kanigeukia 😂😂

Mtoto wa Pwani
Fundi, harusini hawakukuita?

Mama Pacha
Tuache mzaha kidogo. Mimi ni Crohn. Madaktari walizunguka muda mrefu kati yake na TB ya utumbo, maana zote mbili huweza kuacha vifundo vya seli za kinga vinavyoonekana kwa darubini. Ukipewa prednisoloni, dawa ya kushusha kinga, kumbe ni TB, umeumia. Hata ile sindano ya infliksimabu inayozuia TNF, lazima upimwe TB kwanza, kwa sababu TNF hiyohiyo ndiyo inasaidia kuifungia TB iliyolala. Marekani wanayo tangu 1998, sisi bado tunaulizana bei.

Mvuta Kistaarabu
Mimi sigara ilinituliza koliti. Nilipoacha, damu ikarudi.

Mama Pacha
Kwa Crohn sigara inazidisha. Usiniletee huku.

Mvuta Kistaarabu
Nimesema KOLITI. Soma.

Nesi Mstaafu
Wote mna ukweli, ila sigara siyo dawa, kuna mapafu pia. Na diklofenaki za dukani, hizo za maumivu, muwe nazo mbali, zinaweza kuamsha ugonjwa. Prednisoloni msiikate ghafla, inashushwa taratibu na daktari. Yupo mgonjwa aliikata mashavu yalipomvimba, alirudi kwa machela.

Mtoto wa Pwani
Maziwa je?

Shemeji wa Buza
Acha kabisa.

Mnyonge wa Tabata
Mimi nakunywa, sina shida.

Mtoto wa Pwani
Haya nishike lipi sasa? Fundi, jibu la harusi bado nasubiri.

Kijana wa Kimara
Walinipigia. Walitaka niwashe jenereta.