Andiko la ukutubi kuhusu sauti za jando na unyago, Newala: sera, katalogi na vibali

Mwanafunzi_Shangani
Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya maktaba na usimamizi wa taarifa, nasoma kwa masafa hapa Mtwara mjini. Andiko langu linahusu namna maktaba ya mkoa inavyoweza kupokea na kutunza rekodi za sauti za Wamakonde wa Newala na Tandahimba: nyimbo za jando na unyago, hadithi, maelezo ya wachonga vinyago. Nimekwama mahali patatu. Kozi ya sera imejaa mifano ya Australia na Kanada, sijui kipi kinashika huku kwetu. Dewey, mfumo wa namba za kupangia vitabu, kila nikiugusa unanirudisha 398. Na vibali sijui naanzia ofisi gani. Vifaa nilivyonavyo ni simu na kompyuta mpakato moja.

Rafu_ya_Kusini
Anza na neno lenyewe, maana hapo ndipo msahihishaji ataanza kukukata. Tamko la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili lilipitishwa Septemba 13, 2007, na Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Lakini serikali haina kabila inalolihesabu kuwa la asili kuliko mengine. Wanaojitambulisha hivyo kwenye vikao vya kimataifa ni kama Wahadzabe, Waakie, Wabarbaig na Wamaasai. Ukiandika "watu wa asili wa Newala" utaulizwa Wayao na Wamakua wa Masasi tuwaweke wapi, na jibu hutakuwa nalo. Andika "maarifa asilia" na "jamii yenye rekodi". Kifungu cha 31 cha tamko, kinachohusu mamlaka juu ya urithi na maarifa ya jadi, kitumie kama kanuni ya kuigwa; usikitaje kana kwamba ni sheria itakayokulinda Newala.

Cha kuazima kipo. Kanuni za CARE za mwaka 2019, zinazohusu data za jamii za wenyeji, zinadai mambo manne: manufaa kwa jamii, mamlaka ya kudhibiti, uwajibikaji na maadili. Kisha tazama Mukurtu, programu ya bure ya kutunza rekodi za jamii, iliyoanzia kwa Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia. Ndani yake mtu huona rekodi kulingana na nafasi yake katika jamii, iwe ni jinsia, ukoo au rika. Kwa mtu wa Makondeni hilo halina ugeni wowote: mambo ya jando hayasemwi mbele ya wanawake, na ya unyago mwanamume hayamhusu.

Usichukue miongozo ya Australia nzimanzima, hata kama imeandikwa vizuri. Inategemea taasisi za wenyeji zenye hadhi ya kisheria, na sisi hatuna. Huku mwenye kauli juu ya wimbo ni nyakanga, yaani mkuu wa mafunzo ya jando au unyago, na mwenye kauli juu ya kijiji ni serikali ya kijiji. Hao ni watu wawili, tena pengine hawaelewani. Andiko likionyesha jinsi rekodi moja inavyobeba mamlaka zote mbili, utakuwa umesema jambo ambalo vitabu vya kozi havilisemi.

Binti_Mikindani
Nashika katalogi. 398 ni ya hadithi, methali na vitendawili, basi. Jando na unyago kama desturi ya kuvuka utoto peleka 392.14. Dawa za miti ni 615.88, mtu akikwambia 133.4 mkatalie, huko ni uchawi, na mganga wa mizizi hajaomba kuwekwa huko. Usijaribu kutunga mfumo mpya. Kanada wanao wa Brian Deer, Mmohawk wa Kahnawake aliyeutunga miaka ya 1970, na maktaba ya Xwi7xwa ya Chuo Kikuu cha British Columbia inautumia kwa marekebisho yake. Lakini ile ni maktaba nzima. Kwa rekodi 60 namba ya Dewey inatosha, nguvu ziweke kwenye maelezo.

Kama maktaba inatumia Koha, programu ya katalogi, jaza hivi. Sehemu ya 041, ya lugha: kiashiria cha pili kiwe 7, $a kde (Kimakonde), $2 iso639-3. Ukifuata orodha ya lugha ya MARC, muundo wa kawaida wa rekodi za katalogi, Kimakonde kitaangukia bnt, yaani "lugha nyingine ya Kibantu", na mtafutaji hatakiona kamwe. (Kimwera ni mwe, Kingindo nnq, Kiyao yao.) 511 andika waimbaji kama wameridhia kutajwa, 518 tarehe na mahali pa kurekodi, 561 rekodi ilikotoka, 540 masharti ya matumizi, 506 nani aruhusiwe kusikiliza.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi huharibu: 506 ni maandishi tu, haizuii mtu. Unaandika "wanawake waliopita unyago pekee", halafu unabandika kiungo cha faili kwenye 856, na mtu yeyote anafungua. Kwa rekodi zenye miiko kiungo kisiwepo kabisa. Faili likae nje ya katalogi na liombwe kwa mkutubi. Ukitaka hata kichwa cha rekodi kisionekane kwa umma, washa OpacSuppression kwenye mipangilio kisha weka 1 kwenye 942$n. Moja bila nyingine haifanyi kazi.

Korosho_Ghafi
Mbona mnamtisha kijana? Wazee wanakufa na nyimbo zao. Arekodi, arushe YouTube, dunia ione. Miiko itatusaidia nini vikishapotea?

Rafu_ya_Kusini
Korosho, hofu ya kupotea ni ya kweli, ila kutunza si lazima iwe kutangaza. Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 na fonografu yake, mashine ya zamani ya kunasa sauti, akarekodi nyimbo, akakusanya vinyago, vitu vikaenda makumbusho ya Leipzig. Havikupotea. Lakini mwenye kinyago akitaka kukiona leo inabidi apande ndege. Ukirusha YouTube unafanya vilevile, tofauti yako na yeye ni kasi. Halafu sheria ya hakimiliki ya 1999 inazigusa sanaa za jadi. Matumizi ya kibiashara si ya kila mwenye simu.

Mtendaji_Mstaafu
Vibali, kwa mpangilio. Chuo kikuu kinampa mwanafunzi wake barua ya utafiti, kwa hiyo huhitaji kwenda COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) mwenyewe kama wageni. Barua hiyo unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Yeye anaandika kwa Katibu Tawala wa Wilaya, nakala kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, unashuka kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Newala zipo halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Andika jina sahihi la kata na halmashauri yake kwenye maombi, la sivyo barua itazunguka. Beba nakala za ziada, kila ofisi inabaki na yake. Ukiruka ngazi, hata mwenyekiti anayekupenda atakwambia rudi.

Kalenda. Oktoba hadi Desemba watu wako kwenye korosho, mashambani na kwenye minada. Hutapata mtu wa kukaa naye saa mbili. Jando na unyago siku hizi hufuata likizo za shule, Juni na Desemba. Basi nenda Julai au Agosti, mavuno yameingia, barabara kavu, na manyakanga wamepumzika.

Ridhaa. Saini ya mwimbaji haitoshi kama wimbo ni wa unyago; nyakanga aliyemfunda lazima aridhie naye. Kwa asiyesoma, rekodi ridhaa kwa sauti, iwe faili lake peke yake. Isomwe kwa Kimakonde, ielekeze mambo matatu: nani asikilize, nani akatazwe, nani aulizwe mwimbaji akifariki. La tatu husahaulika sana, na miaka kumi baadaye ndilo maktaba italitafuta. Sauti na jina la mtu sasa viko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo fomu zifungiwe kabatini.

Na wali, yaani wanaofundwa, ni watoto. Usiingie likumbi, kambi ya jando, na simu, hata ukikaribishwa. Chukua nyimbo za siku ya kutoka, zile zinazoimbwa barabarani mbele ya kila mtu. Za ndani muombe nyakanga azieleze, asiziimbe.

Mwanafunzi_Shangani
Ahsanteni sana, nimepata pa kushika. Kuhusu kurekodi, simu inafaa? Na kijiji kitabaki na nini nikishaondoka?

Fundi_Sauti_Ligula
Inafaa kwa mazungumzo, ngoma itakusumbua. Kinasa sauti cha simu kwa kawaida huhifadhi m4a iliyobanwa. Weka programu inayotoa WAV, 48 kHz, biti 24. Kwa chaneli moja saa nzima ni kama MB 520. Saa 40 hazifiki GB 21, kwa hiyo usikubali hoja ya "nafasi haitoshi". Sauti ya juu kabisa isipande zaidi ya -12 dB. Ngoma ikipiga kupita kiwango, sauti inakatika kichwa na hakuna dawa baadaye, kwa hiyo simu ikae mita 4 au 5 kutoka kwa wapigaji. Newala juu upepo ni mkali: funika maikrofoni na sponji, au ukae nyuma ya ukuta wa nyumba.

Jina la faili lisiwe na nafasi wala jina la mtu: kde_newala_20250714_003.wav. Nakala ziwe tatu, moja nje ya Mtwara. Tengeneza orodha ya sha256, alama za kuonyesha kama faili limebadilika, siku hiyohiyo, uikague kila baada ya miezi sita. Diski iweke kwenye kopo linalobana pamoja na vipakiti vya silika. Unyevu wa pwani ukipita asilimia 65 fomu zako zitaota ukungu kabla hujahitimu.

Kijiji kiachie sauti inayosikilizika pale pale. Zile redio ndogo za kadi zipo kila nyumba. Badili WAV kuwa MP3 ya 128 kbps, kadi ya GB 8 inabeba zaidi ya saa 100. Ila kadi ziwe mbili, ya jando na ya unyago, rangi tofauti, na kila moja apewe mwenyewe mkononi. Usimpe mwenyekiti zote mbili akakugawie.

Binti_Mikindani
Na namba za kadi hizo ziandike kwenye rekodi ya katalogi, sehemu ya 535, inayoonyesha nakala nyingine zipo wapi. Mkutubi atakayekuja baada yako ajue Newala kuna mtu wa kuuliza.