Kupunguza kasi ya filamu ya kimya ya mm 16: mchi unaacha kivuli

mkanda_mkavu:
Wakuu, msaada. Nina kipande cha sekunde 9 cha filamu ya kimya ya mm 16 ya enzi za mkoloni: wanawake wanatwanga. Ilipigwa kwa fremu 16 kwa sekunde. Hifadhi ya filamu imenipa faili la zamani la 720×576, fremu 25. Nataka kiende nusu ya kasi katika kazi ya maonyesho itakayorushwa kwa fremu 24. Nikipunguza kasi kwenye programu ya kuhariri, mchi unaacha kivuli, na nikisimamisha picha naona mistari kama meno ya chanuo. Tatizo ni programu au faili? Na sauti niweke nini?

fremu_moja:
Ni faili, mkuu, ila programu inazidisha. Faili hilo lina nusu-picha 50 kwa sekunde: kila fremu ya video imegawanywa mbili, mstari mmoja huku, mstari unaofuata kule. Ili fremu 16 zijae humo, kila fremu ilirudiwa mara tatu, na katika kila fremu nane moja ikarudiwa mara nne. Meno ya chanuo ni fremu mbili tofauti zilizosukwa pamoja. Ukipunguza kasi hapo, unapunguza kasi ya mchanganyiko.

Kwanza rudisha fremu halisi. Pitisha faili kwenye ffmpeg, programu ya bure ya kuchakata video: kichujio chake cha bwdif kitageuza kila nusu-picha kuwa picha kamili, upate picha 50 kwa sekunde, kisha kichujio cha mpdecimate kiondoe marudio. Sekunde 9 lazima zikupe fremu 144. Hesabu kabla ya kuendelea.

Kisha rudia kila fremu mara tatu kamili kwenye mradi wa fremu 24. Hiyo ni kasi ya fremu 8 za mkanda kwa sekunde, nusu uliyoitaka, na kipande kinakuwa sekunde 18. Zima kabisa kipengele cha kubuni fremu za katikati. Kinayeyusha vidole na kutengeneza sura ambazo hakuna mtu aliyewahi kuwa nazo, na hao ni watu walioishi kweli.

siki_na_selulosi:
Naongezea: kama mkanda wenyewe bado upo, omba uskaniwe upya, fremu kwa fremu, bila wao kurekebisha kasi wala mwanga, na vitundu vya pembeni vionekane. Vitundu vinakusaidia kutuliza picha inayoyumba.

Waombe pia wapime urefu wa fremu 100. Kwa mkanda usiosinyaa, fremu hizo zinakaribia mm 762. Ukikuta 754, umesinyaa asilimia 1, na projekta ya meno itauchana. Hapo ni skana isiyo na meno tu. Mkanda ukinuka siki, ni dalili kwamba unaoza; utengwe na mikanda mingine siku hiyo hiyo.

fremu_moja:
Kuhusu sauti, usikimbilie ngoma. Filamu za BEKE (Bantu Educational Kinema Experiment, mradi wa kikoloni wa filamu za elimu), zilizotengenezwa Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, zilikuwa na sauti kwenye santuri, mbali na mkanda. Na sinema nyingi za kikoloni zilionyeshwa na mtu akisimama pembeni kueleza kwa lugha ya watazamaji. Ukimya wa mkanda ni nafasi ya huyo msemaji. Uache hivyo, au weka sauti ya mtu anayesimulia anachokiona sasa. Watengenezaji filamu wa Italia Yervant Gianikian na Angela Ricci Lucchi, katika kazi yao ya 1986 juu ya mikanda ya zamani ya mpiga picha wa sinema Luca Comerio, waliipiga picha upya mikanda hiyo fremu kwa fremu. Kule kupunguza kasi ndiko kunakofanya mtazamo wa anayepigwa picha uonekane.

mkanda_mkavu:
Asanteni sana. Nimefanya, nimepata 141 badala ya 144.

fremu_moja:
Tatu zimeliwa pale mchi unapotua kwenye kinu, kwa kuwa picha imetulia na programu imedhani ni marudio. Rudi kwenye zile picha 450 utazame vumbi, usitazame mwendo. Kila fremu ina punje zake. Punje ikitokea kwenye picha tatu au nne mfululizo kisha ikapotea, hiyo ni fremu moja. Zitafute zile tatu kwa mkono, uzirudishe mahali pake.