Fundi wa winchi ya nanga ati ananiuliza mikono nimeazima?!

Leo msiniamkie. Sina salamu.

Yule fundi mnamjua. Kila mwenye boti kuanzia Mtwapa mpaka Kilindini ashamlipa, na ashamlilia. Yule wa "kazi ndogo hiyo kapteni, we nipe ya chai kwanza."

Nilimpa anifungie winchi ya umeme ya nanga. Mota ya wati 1000, volti 12. Hata mwanangu wa darasa la sita atagawa apate ampea 80 na ushei. Betri ziko tezi, nyuma kabisa, winchi iko omo, mbele, waya kwenda na kurudi ni mita 16. Bwana mkubwa akapitisha waya wa soketi! Ule mwekundu wa milimita 2.5 za mraba, wa kuchemshia chai nyumbani! Fyuzi hakuna. Akajaribu gatini bila mnyororo, ikazunguka kama feni ya msikitini, akatia pesa mfukoni huyoo.

Leo nina wageni 11, mkondo wa Tudor, maji yatoka, kusi lavuma. Nakanyaga swichi. Winchi ikaguna kama ngamia wa Nyali aliyekataa kuinuka. Mnyororo ukapanda shibiri mbili, ikaja harufu. Mgeni mmoja ananiuliza kama samaki ni wa kukaanga au wa kuchoma. Nafungua kifuniko, plastiki yachuruzika nyekundu kama ubuyu.

Nikampigia. Fundi, waya wako waungua. Akacheka. Wallahi alicheka! Akanambia: "Kapteni si uivute tu, kwani mikono umeazima?"

Simu ilikuwa kwenye spika. MIKONO UMEAZIMA. Wageni 11. Wasiojua Kiswahili wakatafsiriwa.

Mita 30 za mnyororo nimevuta, na nanga yake. Kwa mikono hii ya kuazima. Saa hii nachapa kwa kidole kimoja.

PwezaMkavu: Pole kapteni. Ulipomaliza ulimrudishia mwenyewe?

MwanaKibokoni: Mie nacheka hapo kwa ngamia 😂😂

BetriMbili: Kosa lako pia. Mota bila mzigo hula umeme kidogo, hata waya mwembamba utaizungusha. Kwa mita hizo unataka waya wa milimita 35 za mraba kwenda juu, 50 ndio raha, shaba iliyopakwa bati isiliwe na chumvi. Fyuzi ikae karibu na betri. Na injini iwe yawaka unapovuta.

Mwenye uzi: Nilimwambia yakhe! Akasema waya ni waya. Halafu leo ananiambia MIKONO NIMEAZIMA.

BetriMbili: Ulimwambia, na bado ukamlipa?

PwezaMkavu: Alilipa kwa mikono ya watu, si yake.

BintiMakadara: Afadhali wewe. Mie fundi nguo kanipa gauni jioni ya harusi, mkono mmoja wafika kiganjani, wa pili waishia kwenye kiwiko. Namuuliza, ati "uukunje huo mrefu."

MwanaKibokoni: Ngoja. Ni yule wa upande wa Marikiti, mwenye redio?

BintiMakadara: Huyo huyo!!

MwanaKibokoni: Ana kanzu yangu tangu Rajabu. Idd mbili zimepita. Nikienda naambiwa bado kifungo.

BabaPacha: Kanzu ina kishada shingoni? Ya rangi ya maziwa?

MwanaKibokoni: Eeh. Kwa nini?

BabaPacha: Ijumaa nimemwona nayo kaivaa.

Mwenye uzi: Jamani, winchi yangu...

BintiMakadara: Kapteni subiri kidogo. BabaPacha, kifungo kilikuwepo?