Mrejesho: binti yangu wa miaka 9 kusafiri na ndege peke yake

Wapendwa, niliuliza kama binti yangu anaweza kupanda ndege peke yake kwenda kwa shangazi yake. Kafika salama, ahsanteni sana! Mliosisitiza ndege ya moja kwa moja mlinisaidia mno. Huduma ya mtoto asiye na mwangalizi tulilipia juu ya nauli. Walimvisha kipochi shingoni chenye pasi na fomu, mhudumu akamshika mkono hadi ndani. Sikubanduka uwanjani mpaka ndege iliporuka. Kule, shangazi alionyesha kitambulisho, jina likalinganishwa na la kwenye fomu, akasaini ndipo akakabidhiwa mtoto. Hapo ndipo roho yangu ilipotulia. Kaka yake wa miaka 13 naye anataka kwenda; kwa umri wake mashirika mengi huiacha huduma hii iwe hiari, ila nitamlipia.