Drili ya "128V" imeshindwa na ukuta, muuzaji akaenda kuijaribu kwenye BOKSI

Jenga Polepole (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa kwenye daladala, nimepakata sanduku la drili na konda ananidai nauli ya watu wawili. Herufi zikikosea mnivumilie. Nimechafukwa roho.

Mnamjua. Sitamtaja, wasimamizi watanifungia, ila mnamjua: yule bwana wa duka la zana pale Kariakoo, kalkuleta shingoni, anakuita "bosi wangu" ukiwa bado upande wa pili wa barabara. Nusu ya mapazia ya Dar yananing'inia kwenye misumari kwa sababu yake.

Leo mchana, mbele ya wateja, amechukua drili yangu akaijaribu kwenye boksi. Boksi, wakuu. La feni.

Nirudi nyuma kidogo. Nilimwambia kabisa, kwa Kiswahili hiki hiki, nataka drili ya betri yenye nguvu, ya nyumbani na ya kibanda changu cha useremala huko uani. Nikamtajia na kazi zenyewe: ukuta wa tofali za saruji, lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha), mbao za mninga. Hakuniacha hata nimalize. Akachomoa sanduku jeusi limeandikwa 128V kwa maandishi ya dhahabu, na chini yake eti mota haina brashi, vile vipande vya kaboni vinavyosuguana ndani. Akasema, "Bosi wangu, hii ukiisahau imewaka unakuta imetokea kwa jirani." Alianzia 220,000/=, tukavutana mpaka 180,000/=. Ndani kuna betri mbili, chaja, futi ya kupimia, na rundo la biti ambazo nyingine mpaka sasa sijui zinatoboa nini.

Kwenye mbao laini sikatai, skrubu zilizama. Hata kwenye mninga ilijitahidi, ingawa biti ilikuwa inacheza kwenye taya zake. Nikapanda stuli kufunga bomba la pazia la sebuleni. Plasta ikatoboka vizuri, vumbi likamwagika begani. Ilipogusa zege la lenta ikabadilisha sauti. Ikaanza kulia. Biti inazunguka palepale, haiendi mbele, na kwenye matundu ya nyuma unatoka moshi mwembamba wenye harufu ya waya. Betri ikapata moto wa kuchemshia chai ya ukoo mzima. Nikaweka ya pili, nayo ikakata roho kabla sijakaza mkono. Nikapima lile tundu kwa njiti ya kiberiti: kichwa tu ndicho kilichozama. Mke wangu hakusema kitu. Alinipa nyundo.

Basi leo nimeirudisha. Siku ya kununua nilikuwa "bosi wangu". Leo nimekuwa "we baba". "We baba, hii ina tatizo gani?" Nikamweleza. Akachomeka betri aliyoitoa kwenye droo yake mwenyewe, akabonyeza hewani, wiiiii. "Si inazunguka?" Nikamwambia ndugu yangu, kuzunguka hewani hata pangaboi linazunguka, mimi nataka itoboe.

Akatazama huku na huku. Nikajua anatafuta tofali. Na tofali zipo, nje ya duka lake kuna rundo la kujengea choo cha shule. Akaliruka rundo zima kwa macho, akavuta boksi la feni, akatoboa. Paa! Kisha akalinyanyua boksi, akaweka jicho kwenye tundu, akanichungulia. Jicho moja. Akasema: "Umeona? Mashine nzima. Tatizo mkono."

Duka zima likacheka. Mpaka mzee aliyekuja kununua bawaba akacheka, na bawaba zenyewe alikuwa hajalipia.

Jicho moja, wakuu! Kupitia boksi!

Nikaomba waranti. Akasema waranti ni ya mota tu, "na mota si umeiona inafanya kazi?" Nikatoa risiti, akanionyesha kwa kidole pale chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Yaani boksi limesimama shahidi upande wake na kesi imekwisha.

Sasa niulize, humu kuna mtu ana nyumba ya maboksi? Kuna lenta ya boksi mahali? Na lilikuwa TUPU, hata feni haikuwemo! Angetoboa na feni ikiwa ndani ningemheshimu.

Lile jicho nitazikwa nalo. Nashuka, nimefika kituoni, nitaendelea.

Nimekaa Pale

Bila picha ya boksi huu uzi ni batili.

Msumari wa Nchi Nne

Mkuu, feni ya mezani au ya kusimama? Boksi la feni ya kusimama lina tabaka mbili, usilidharau.

Jenga Polepole

Wewe ndiye mzee wa bawaba?

Fundi Voltmita

Pole mkuu. Ila hiyo 128V ni uchawi wa stika. Ndani ya betri za aina hiyo huwa kuna seli tano, zile za 18650, upana milimita 18, urefu 65. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6, ikijaa chaji inafika 4.2. Tano zikifuatana ni 18, zikijaa ni 21. Ndiyo maana hata kampuni zenye jina wengine wanaandika 18V na wengine 20V kwa kitu kilekile. Kufika 128 unahitaji seli zaidi ya 30 kwenye mstari mmoja, betri hiyo ungeivaa mgongoni. Achana na volti za stika, uliza Nm, yaani nguvu ya kuzungusha, na Ah, yaani ujazo wa betri. Makita DHP486 ni ya 18V tu na inatoa Nm 130, na inakuja na mpini wa pembeni kwa sababu biti ikinasa bila mpini inakutegua kiganja. Kuhusu brashi, usiku zima taa, ibonyeze, chungulia kwenye matundu ya nyuma. Ukiona cheche za bluu, brashi zimo.

Jenga Polepole

Nimezima taa sasa hivi. Humu ndani ni mkesha wa mwaka mpya.

Nimekaa Pale

Umechungulia kwa jicho moja au mawili?

Mzee Randa

Mwanangu, mimi nimeanza useremala enzi za keke ya mkono. Kwanza, ulitazama kile kitufe cha mshale? Vijana wengi wanatoboa mashine ikiwa kwenye kurudi nyuma, halafu wanalaumu duka. Pili, lenta haitaki drili hizi hata ziwe na alama ya nyundo. Nyundo yake ni vidiski viwili vyenye meno vinavyorukiana, na nguvu yote inategemea bega lako. Kwa zege tafuta ile ya SDS, ndani mna pistoni inayosukumwa na hewa, inagonga yenyewe wewe unaiongoza tu. Hiyo yako iache ifunge skrubu. Na ukitoboa tundu la kitasa kwenye mlango wa mninga weka gia namba moja, usiikimbize.

Jenga Polepole

Shikamoo mzee. Mshale ulikuwa mbele, nilikagua. Na kama drili hizi haziwezi lenta, si nilimtajia lenta kwa mdomo wangu? Angenionyesha hiyo SDS. Badala yake ameniletea boksi.

Msumari wa Nchi Nne

Huyu mshale ulikuwa nyuma.

Bawaba Tatu

Ulikuwa nyuma.

Jenga Polepole

MBELE.

Bawaba Tatu

Na yule bwana mnamwonea bure. Mimi nimenunua grenda kwake mwaka wa pili huu, haijawahi kuniletea shida.

Nimekaa Pale

Umeitumia?

Bawaba Tatu

Bado sijaitoa kwenye boksi.

Jirani wa Nairobi

Poleni sana. Huku mimi niliuziwa ya 168V. Kuirudisha, jamaa akaijaribu na mkate. Hata boksi hakutafuta. Mkate, na alikuwa anaukula.

Jenga Polepole

Alikuchungulia kupitia mkate?

Jirani wa Nairobi

Hapana, alimaliza kuula.

Jenga Polepole

Basi wewe huna malalamiko. Umeonewa kistaarabu.

Mwana wa Maskati

Huku Omani mashine orijino zipo, na kuna watu wanakuja Zanzibar kila wiki. Mwenye kuhitaji anifuate inboksi.

Jenga Polepole

Usinitajie boksi.

Fundi Voltmita

Ukiagiza, chagua kampuni moja ubaki nayo. Kwa kawaida betri za kampuni moja haziingii kwenye mashine ya nyingine, na hata kampuni moja inaweza kuwa na familia mbili. Makita wana za 18V na za 40V, hazichangii betri. Ukishakuwa na betri mbili za Ah 4 au 5, unanunua grenda, msumeno na tochi vikiwa mwili mtupu, bila betri, inakuwa nafuu.

Mama wa Goba

Nyie mnalilia tundu lililokataa kutoboka? Mimi fundi wa TV alikuja na drili yake nzuri, ina Nm zote hizo mnazozitaka. Ilizama ukutani bila kelele. Ikatoboa bomba la maji. Maji yakaruka mpaka kwenye jipsamu, yakashukia sofa. Fundi amesimama kalowa anasema, "Mama, kumbe hapa kuna maji." Kumbe!

Msumari wa Nchi Nne

"Kumbe" ndiyo imeniua.

Fundi Voltmita

Mara nyingi bomba hupanda wima juu ya koki na sinki, na nyaya hupita wima juu au chini ya swichi na soketi. Usitoboe usawa huo.

Mama wa Goba

Sikuuliza, baba. Nimepoteza zulia.

Bawaba Tatu

Naomba namba ya huyo fundi, nataka kuchimba kisima.

Mama wa Goba

Na hela ya ufundi alidai. Eti TV si imekaa. Kweli imekaa, lakini tunaiangalia na miamvuli.

Jenga Polepole

Dada pole, lakini huyo angalau hakukucheka. Mimi nimechekwa na mtu aliyeshika boksi. Jamani turudi kwenye mada.

Mzee Randa

Afadhali nyie mnaonewa na watu wa mbali. Mimi mtoto wa ndugu yangu kaazima msumeno wangu wa jigi, karudisha mpini. Namuuliza mwili uko wapi, anasema uko kwa rafiki yake, wanamalizia kabati.

Mpangaji Mwandamizi

Mzee wangu, huo una mahali ulipo. Jirani yangu alikuja kuazima ngazi ya dakika tano, abadilishe balbu. Sasa hivi wanaanikia nguo.

Jirani wa Nairobi

Ngazi ya mbao ama aluminiamu?

Mpangaji Mwandamizi

Aluminiamu, ya kukunja.

Nimekaa Pale

Futi ngapi?

Jenga Polepole

Wakuu, boksi...

Mpangaji Mwandamizi

Futi kumi na mbili. Nimemwambia naihitaji, anasema nisubiri zikauke.