Mrejesho: dondoo la majani ya mzambarau na kipimo cha DPPH

Assalaam alaykum. Nilikuja hapa nikilalamika kuwa dondoo la majani ya mzambarau niliyochuma Wete linanipa namba tofauti kila nikipima kwa DPPH, kemikali ya zambarau inayogeuka manjano ikizimwa na vizuia-oksidishaji. Ahsanteni sana, hasa ndugu aliyesema nianike kivulini, nipime na dondoo tupu bila DPPH, kisha niutoe ukijani wake kwenye hesabu. Tatizo lilikuwa hilo hilo! Safari hii rangi ya zambarau iligeuka manjano mbele ya macho yangu, na vipimo vitatu vya mwanga wa nanomita 517 vimekaribiana. Nimefurahi mno.

Kipimo cha amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, bado hakijakaa sawa. Akabozi, ile dawa ya kisukari, ilikizuia vizuri, lakini dondoo langu lilitia ukungu kwenye neli. Tanini, zile kemikali za mmea zenye ukakasi, hushikana na protini za aina nyingi, na kimeng'enya nacho ni protini, kwa hiyo matokeo yake siyaamini. Nitazitoa kwanza, ndipo nirudie.